Herufi Tano

Asubuhi ya Juni, Inyala. Ukungu umesimama dirishani
kama mwanafunzi aliyechelewa.
Mwalimu Anyosisye akaandika ubaoni neno la Kiingereza,
herufi tano. "Maana?"
Darasa zima: "Vunja!"
Akatabasamu, tabasamu la mtu aliyetega.

Kamba je? Kata, akasema Tusekile.
Ikijifanyia yenyewe? Katika.
Karanga? Banja. Tonge? Mega.
Tawi la mparachichi? Kwanyua.
Saumu? Kimya, mpaka Hamidu, peke yake: Fungua.
"Kwao," akasema mwalimu, "yote hayo ni hilihili.
Nyumba kubwa, kisu kimoja."
Tukawahurumia Waingereza.

Kengele ikalia saa nne,
naye akasema hata kengele hii wanaiita hivyohivyo:
dakika ishirini, viazi vya kukaanga kwa mama Sikudhani.
Kupumzika kunavunja nini?
"Darasa," akajibu Ambokile, keshafika mlangoni.

Mimi nililipenda kwa sababu nyingine.
Baba alikuwa fundi breki pale Uyole.
Siku moja nilichora kwa kijiti kwenye vumbi la gereji:
tazama, baba, herufi zilezile tano.
Itoe e ilipo, ipeleke mwisho,
na kinachovunja kinageuka kinachozuia.
Akalitazama neno kama anavyotazama pedi iliyolika.
"E moja tu?"
"Moja."
"Basi ifunge vizuri."

Mama aliuza vyungu vya Wakisi.
Mmoja anazuia, mwingine anauza vinavyovunjika,
ndivyo nyumba yetu ilivyokula.
"Nivunjie elfu kumi," wateja walimwambia,
hapo lugha mbili zilipeana mkono juu ya meza yake.
Fedha zikiisha, Mwingereza analitumia tena, wakati uliopita.
Sisi tulisema tumechacha,
kama maharage ya juzi.

Machi, Jumanne, Mlima Nyoka.
Fuso ya Mwasomola ikakosa breki
na vyungu mia mbili kwenye nyasi,
na kaka yangu Lugano juu ya vyungu.
Dereva akaugonga mlima kwa ubavu.
Watu walikimbia na simu.
Mama alikimbia na kandambili moja.

"Kimevunjika nini?"
"Vyungu."
"Na nini?"
"Mtulinga wa Lugano."
"Na nini?"
"Basi."
Akakaa palepale kwenye lami yenye maji, akacheka.
Kuvunja mbavu nilikusikia kwa watu;
siku hiyo nilikuona.

Baba hakucheka.
Breki zile alizifunga nani, hakuna aliyeuliza.
Usiku alinawa mikono kwa petroli,
akanawa tena,
na mimi nikiwa nimeshika taa nikakosa neno,
katika kamusi ya mwalimu na katika yetu.

Kesho yake wanawake walikuja na ndoo kuokota vipande.
Chungu kikivunjika, Kiingereza husema chungu kilichovunjika,
kikakiacha hapo barabarani na jina la msiba.
Sisi tunakiita upya: kigae.
Kinabeba kaa la moto kwenda kwa jirani,
kinanywesha kuku.
Na huko Forest, Mbeya mjini, wenye nazo
wameezeka nyumba zao kwa neno hilohilo.

Mtulinga uliunga umepinda.
Lugano huubebea gunia la viazi,
anasema limepata pa kukaa.

Siku hizi chaki ninayo mimi.
Naliandika, nauliza maana, wanapiga kelele: "Vunja!"
Kabla sijawajibu naigusa e kwa kidole,
naitikisa kidogo.
Wanadhani nafuta kosa.